Mteremko Nilioukata Ngazi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili wanaosubiri kunicheka wacheke, wamalize, tuendelee. Tena nilikuwa mjinga mwenye bidii, na hao ndio wabaya; mjinga mvivu hulala tu, hana madhara kwa mtu. Mimi niliamka alfajiri, nikanywa uji, nikanoa jembe, nikapanda nyuma ya nyumba yangu. Jua lilipoinama nilikuwa nimeukata ngazi mteremko wote ambao watoto wa Mbarikeni wamekuwa wakiserereka tangu babu yangu hajaota meno.

Mbarikeni ni kitongoji cha milimani juu ya Same, pale ambapo barabara inachoka kupanda na kuamua kuishia hapohapo. Tambarare hatuna. Ukidondosha chungwa mlangoni, utalifuata kwa jirani, na jirani atakuwa ameshalimenya. Kwa hiyo Mpare akiona mteremko mikono inamwasha. Anaukata matuta ya ngazi, anapanda tangawizi, anapanda maharage, anazuia udongo wake usishuke bondeni Ndungu kuwaneemesha walima mpunga. Mtoto wa huku hujua kukata tuta kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana ujinga wangu ulikuwa wa Kipare hasa. Mtu wa tambarare asingeuweza.

Kipande kile cha nyuma ya nyumba ndicho pekee katika ardhi yangu kilichokuwa hakijaguswa na jembe. Kilikuwa na ukoka mzito kutoka juu hadi chini. Watoto hukata gome bichi la mgomba, hulikalia, husukumana, hushuka wakipiga kelele hadi kwenye mstari wa masale unaotenga shamba langu na la jirani. Kisha hupanda tena. Hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna aliyewahi kuwaona wamechoka nayo.

Mimi mwenyewe, Elinaza, nimechoka na kazi nyingi. Nimekuwa konda wa mabasi. Nimechimba tanzanaiti Mererani, nikatoka na kikohozi badala ya jiwe. Nimewahi kuuza ng'ombe kugharamia kesi ya mbuzi, nikashinda, na siku ya hukumu mbuzi mwenyewe alikuwa ameshakufa kwa uzee. Dunia imenizaba makofi shavu hili na lile. Nilidhani imebakiwa na ganzi tu ya kunipa. Kumbe ilikuwa inaniwekea mjukuu.

Binti yetu Devotha anauza dukani Same, kando ya barabara kuu, na amepanga chumba nyuma ya duka hilohilo. Malori yanapita mchana na usiku. Mama anayefunga mlango mahali kama pale huwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningefunga na dirisha. Kwa hiyo mwanawe Blessing alikulia kati ya kitanda, runinga na simu. Alipotimiza miaka mitano, dada wa kazi akaolewa, na mtoto akaletwa kwetu aanze chekechea huku.

Alishuka kwenye bodaboda amevaa soksi nyeupe. Akakanyaga nyasi, akainua mguu kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Akatazama uwanja wetu, akanitazama mimi, akasema kwa huruma:

"Babu, chini kumepinda."

Nikacheka hadi kikohozi kikaamka. Lakini baada ya wiki chache sikucheka tena. Mwalimu Beatha wa chekechea alinisimamisha njiani.

"Shikamoo mzee Elinaza."

"Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu ameshakuwa wa kwanza?"

"Kwa kuhesabu, ndiyo. Anafika mia bila kupumua. Ila hawezi kuruka kwa mguu mmoja. Penseli inamchosha mkono kabla mstari haujaisha. Na mwenzake akimgusa bega kwenye foleni analia kama amemwagiwa maji ya moto."

"Nimpeleke kwa daktari?"

"Mpeleke kwenye mteremko wako."

"Mwalimu, mimi nimeuliza daktari."

"Na mimi nimejibu mteremko. Mkono wa kuandika unaanzia begani, mzee. Bega linakomazwa na kupanda, kuvuta na kubeba. Mimi siwezi kumwekea mtoto bega kwa chaki."

Basi nikampeleka. Siku za kwanza alikaa juu kabisa, amekumbatia magoti, akiwatazama wenzake kama mtu anayetazama nyumba inaungua. Baadaye akakubali kushuka amemshika kiuno binti mmoja mkubwa. Alianza safari kwa yowe na kuimaliza kwa kicheko, na mwenyewe hakujua vilibadilishana wapi. Kisha akaanza kupanda kwa nguvu zake, mikono na miguu, akiburuta gome lake. Watu wakiangalia mchezo ule wanaona kushuka. Mimi niliyebeba mawe shimoni niliona kupanda.

Akajifunza kupima mambo. Gome bichi linakimbia, kavu linakwama. Ukiegemea kushoto linakwenda kushoto. Ukichelewa kujitupa pembeni, masale yanakukaribisha usoni. Akajifunza foleni, maana foleni ya pale juu haina mwalimu: ukisukuma unasukumwa, ukinuna zamu inakupita. Jioni alikula makande hadi bibi yake akawa anaficha sufuria, na usingizi ukamchukua kabla sala haijafika amina. Shuleni herufi zake zilizokuwa zimelala chali zikaanza kuamka na kusimama.

Mambo yakaharibiwa na goti.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita Devotha akapiga simu ya video. Blessing akaipokea, wakasalimiana, kisha kwa furaha ya mtu anayeonyesha zawadi akamsogezea mama yake goti. Lilikuwa na kidonda kizuri tu, kimeshaanza kukauka.

"Baba, shikamoo. Hicho ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Hilo ni goti."

"Baba, sitanii leo. Lile poromoko bado mnalo? Fortunata alivunjikia mguu pale, tuko darasa la pili, mimi nimesimama juu namwona. Na sasa mnamtupa mwanangu humohumo?"

"Hatumtupi, anajitupa mwenyewe."

Nilikosea. Kuna saa za utani na kuna saa za kufunga mdomo, nami sijawahi kuzitofautisha kwa wakati. Devotha akaongea taratibu, kama hakimu.

"Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikikuta bado anabiringika pale, naondoka naye. Kuna shule ya bweni inapokea hadi watoto wa chekechea, na wameshanikubalia. Kuna uzio, kuna sakafu, kuna matroni."

"Bweni? Mtoto wa miaka mitano, alale bila mtu wake?"

"Bora bweni kuliko hospitali, baba."

Simu ikakatika. Blessing akaniuliza bweni ni nini. Nikamwambia ni nyumba kubwa yenye vitanda vingi. Akauliza kama kuna mtu wa kumshikia gome wakati wa kukaa.

Mke wangu Ernesta, ambaye kazi yake kuu katika ndoa hii ni kunizuia, alikuwa ameshuka Ndungu kumsaidia dada yake kuvuna mpunga. Kwa hiyo nilibaki mimi na akili yangu, na hatukuwa wengi. Nikawaza: Devotha anaogopa mteremko. Dawa ya mteremko ni tuta. Nikiukata ngazi, patakuwa tambarare kama Same, mtoto atachezea pale, mama atafurahi, bweni litakufa. Niliona nimeitatua kesi bila kuuza ng'ombe.

Ndipo nikanoa lile jembe.

Nikiwa namalizia, akapita bwana shamba wetu, Fredrick, kijana safi mwenye buti na bidii. Alipoona matuta alisimama kama aliyeona malaika.

"Mzee Elinaza! Miaka yote nakuhubiria kipande hiki, leo umeokoka. Simama hapo nikupige picha."

Nikasimama, jembe begani, tumbo nimelivuta ndani. Picha ile iko kwenye kundi la wakulima la simu hadi leo, na wapo wanaonitumia wakitaka kuniharibia siku.

Watoto walipotoka shule walisimama chini wamejipanga, wakitazama juu.

"Babu," Blessing akasema, "umepanda nini?"

"Nimepanda usalama."

"Unaota lini?"

Walijaribu, siwezi kuwasema. Ngazi ya kwanza wakairuka, ya pili wakairuka, ya tatu wakatazamana kuulizana kuna nini kingine. Wawili wakagombana juu ya nani mkubwa. Kisha wakatawanyika kimya, na kimya cha watoto, kama hukijui, ni kibaya kuliko mlio wa breki. Siku zilizofuata Blessing alikaa kizingitini na simu yangu. Nilipochungulia nikakuta anatazama katuni za watoto wanaoserereka. Makande akayabakisha. Akitembea uani, akarudia kuinua miguu kama kuku.

Nikajipa moyo: angalau hana kidonda.

Wiki haikuisha, bodaboda ikaingia uani kwa kishindo. Aliyeiendesha ni Yonas, kijana wa Kimasai kutoka tambarare anayeleta abiria hadi kwetu. Mbele yake amempakata Blessing, vumbi hadi kwenye kope, na nyuma amefunga gome la mgomba kwa mpira.

"Shikamoo mzee. Huyu ni wako?"

"Marahaba. Wangu. Amefanya nini?"

"Nimemkuta kwenye kona ya barabara ya malori ya tangawizi, yeye na wenzake kundi zima. Wamehamishia mchezo barabarani. Natokea kwenye kona, naona watoto wamekaa chini wanakuja kwangu kama mbuzi waliofunguliwa. Nimeingia mtaroni mimi, mzee. Tazama kiwiko." Akanionyesha kiwiko kilichochunika. "Ingekuwa lori, tusingekuwa tunaongea hivi."

Nikakaa juu ya kinu.

"Nilisikia ulifunga pale pao," Yonas akasema, sasa kwa upole. "Kwetu ndama ukimfungia malisho haachi kula. Anakwenda kula kwenye shamba la mwenye panga."

Blessing akateremka, akanishika mkono. "Babu, barabarani chini kumepinda vizuri," akasema. "Ila pikipiki hazipangi foleni."

Ernesta alirudi kesho yake na kiroba cha mchele kichwani. Akazunguka nyuma ya nyumba kuchuma mboga. Nikasikia sauti:

"Baba Devotha! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama Devotha."

"Basi kaburi hili la ngazi umemchimbia nani?"

Nikamweleza yote, simu, bweni, picha, barabara. Alisikiliza bila kutua kiroba. Nilipomaliza akakitua.

"Rudisha," akasema.

"Devotha anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

"Najua. Rudisha kabla hajaja. Wewe ulikuwa unaficha mtoto ili mama yake asione anavyokua. Kesi ya haki haifichwi, inapelekwa barazani mchana kweupe. Umesahau Upare?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeogopa tu, na woga wa mtu mzima ndio unaoweka watoto barabarani. Hapo ndipo nilipoamua, na mimi nikiamua siyo mtu wa kurudi nyuma. Muulizeni yule mbuzi. Niliamua mambo mawili. Mteremko unarudi. Na jiwe lililomvunja Fortunata, lililoachwa palepale nyuma ya masale miaka yote hiyo na watu wazima tukilizoea kama tunavyozoea deni la jirani, linaondoka. Watoto waachiwe hofu ya kuteleza, hiyo ni yao, inawafundisha. Jiwe halimfundishi mtu chochote.

Lakini kukata tuta ni kazi ya mtu mmoja mjinga. Kulirudisha ni kazi ya kijiji. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Melkizedeki, kuomba msaragambo. Ndiyo kazi yetu ya pamoja: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, iwe ni mfereji, iwe ni darasa. Melkizedeki akaitisha watu baada ya ibada, nami nikasimama mbele yao.

"Tumekusikia, Elinaza," Melkizedeki akasema nilipomaliza, akijizuia kucheka. "Tangu tupate Uhuru tunaambiwa kateni matuta. Umekata. Na picha umepigwa. Sasa unataka pembe ilie, kitongoji kizima kije kufukia matuta?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ni kile kikohozi cha Mererani," mtu akasema nyuma. "Kimepanda kichwani."

"Mwacheni, anatafuta kesi na mlima," mwingine akaongeza. "Binadamu wote ameshawamaliza."

Wakacheka, nami nikacheka nao, maana ukicheka na wanaokucheka unabaki na meno yako. Fredrick hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mimi siungi mkono, wazee wangu, samahani. Udongo umeshalegezwa. Mkiuacha wazi hivi, masika yakija mteremko wote mtaukuta Ndungu."

Lilikuwa neno la haki, na mtu wa haki hujibiwa kwa haki.

"Ulikaa pale tangu babu yangu, bwana shamba, na haukwenda popote, kwa sababu ya ukoka. Nitaurudishia ukoka."

"Kipupwe hiki? Ukoka hautashika bila maji."

"Nitaumwagilia."

"Kwa maji gani?"

"Zamu yangu."

Kicheko kikakatika. Huku kwetu maji ya mlima hukusanyika kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na kila mkulima ana zamu yake ya kufunguliwa. Kiangazi zamu ya maji ndiyo tangawizi yako, na tangawizi yako ndiyo chumvi, sabuni na ada. Hakuna aliyewahi kuitoa kwa ajili ya nyasi za kukaliwa.

Mwalimu Beatha akasimama. "Nina watoto darasani wanaojua rangi kwa lugha mbili na hawajui kuanguka," akasema. "Kuanguka kunafundishwa, wazee wangu. Asiyejifunza mdogo juu ya nyasi atajifunza mkubwa juu ya mawe. Nyie nyote mmeserereka pale. Mwenyekiti, ugomvi wa mipaka unaousuluhisha kila siku, ulijifunzia wapi?"

Melkizedeki akajikuna kidevu. Uso ukamlainika.

"Palepale juu," akasema. "Kwenye foleni. Elinaza alikuwa na tabia ya kuruka zamu."

"Na bado anayo!" watu wakapiga kelele.

"Basi pembe italia," Melkizedeki akasema. "Lakini Elinaza abebe kikapu kikubwa kuliko wote."

Nilikibeba. Tulifukia, tukashindilia, wanawake wakaleta ukoka wa kandokando ya mfereji, tukaupanda kipande kwa kipande. Fredrick, baada ya kununa nusu ya asubuhi, akachimba mwenyewe mfereji mdogo juu ya mteremko wa kukinga maji ya mvua. Watoto hawakuitwa na pembe, ila walikuja wote. Blessing alibeba ukoka kwenye sketi yake kama anabeba mayai, akaanguka, akauokota, akaendelea, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia pole. Nadhani hilo lilimsaidia.

Na Fortunata akaja. Sasa ni mama wa watoto watatu, na akichoka mguu ule bado unachechemea. Alikuja na mtarimbo. Akapita katikati yetu sote bila salamu, akavuka masale, akasimama juu ya jiwe.

"Ndilo hili," akasema. "Niachieni mimi."

Tukamwachia. Lilipong'oka na kubingirika korongoni, akalisindikiza kwa maneno ambayo mimi mtu wa ibada siwezi kuyaandika. Kwa ruhusa ya jirani tuliyahamisha masale, tukamwaga udongo laini mahali pa kufikia. Fortunata akamwita binti yake mdogo, akampa gome. "Haya," akamwambia, "panda. Mama amekufungulia njia."

Asubuhi za zamu yangu nilifungua maji yakaenda kwenye ukoka, huku tangawizi ikinitazama imekunja majani. Wapita njia hawakukosa.

"Mzee, unamwagilia nini pale? Hakuna zao."

"Namwagilia watoto."

"Wakikomaa utawauza soko gani?"

"Nitaanza na wewe, nione bei."

Jumamosi ikafika. Jirani mmoja alinishauri nimvishe Blessing soksi, nimkalishe sebuleni na kitabu hadi mama yake aondoke. Ushauri huo ningekuwa nimeutoa mimi mwenyewe wiki chache kabla. Nikamkatalia. Devotha alipofika nyuma ya Yonas, na begi jipya la shule mapajani, nilimpokea, nikaitikia shikamoo yake, kisha nikasema: "Mwanao yuko nyuma ya nyumba. Anacheza."

Akazunguka. Nikamfuata, na Ernesta akatufuata na ungo wa maharage. Blessing alikuwa juu kabisa. Alimwona mama yake, akapunga mkono, akakaa kwenye gome, akashuka kama jiwe la manati. Karibu na chini akaegemea, akajitupa kwenye udongo laini, akabiringika, akainuka anajipangusa. Badala ya kumkimbilia mama, akageuka. Katikati ya mteremko kulikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa anapanda akakwama, analia. Blessing akampandia kwa mikono na miguu, akakaa karibu naye.

"Usiangalie chini," akamwambia. "Chini hakuendi popote. Angalia mkono wako unashika wapi."

Wakapanda pamoja. Devotha aliweka mkono mdomoni. Nilidhani nimeshinda. Lakini Blessing alipokuja kumkumbatia, kiwiko kilikuwa kimechunika, na Devotha akakiona.

"Si niliwaambia?"

"Uliniambia," nikasema. "Na mimi niliukata mteremko huu ngazi kukuridhisha, na mwanao akaenda kuserereka barabarani. Muulize Yonas. Jiwe limeondoka, udongo umelainishwa. Kiwiko kitapona."

"Baba, wewe ni mtu wa utani. Maisha yako yote umechekesha watu, na mimi nakupenda. Lakini mimi nina mtoto mmoja."

Hapo nilitafuta utani nikaukosa. Ilibidi niseme ukweli mkavu.

"Dunia imenipiga, Devotha, unajua. Sikusaidiwa na kukwepa, sikuwahi kukwepa hata kofi moja. Nilisaidiwa na kujua kuinuka bila kumsubiri mtu. Nilikojifunzia ni hapa uliposimama. Huyu akienda bweni leo, nani atampa nafasi ya kuanguka kidogo?"

"Haanguki mtu bweni! Ndiyo maana nampeleka." Sauti yake ikapanda, na watoto juu wakaacha kucheza. "Miaka mitano nimekaa naye Same, peke yangu, kwenye chumba kimoja, na sikumpa hata kovu. Hata moja! Mnaelewa ilivyokuwa kazi? Nimemleta kwenu mzima, hana ufa popote. Nusu mwaka tu, mtazameni, magoti kama ya mchimba kisima."

Machozi yalikuwa yamemlenga, na kazi aliyoitaja aliifanya kweli. Ernesta alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta maharage, hajainua kichwa tangu mabishano yaanze. Aliuweka ungo chini. Alichosema ndicho kilicholirudisha begi lile Same bila Blessing, na katika ukoo huu unaopenda kesi kuliko nyama, hakuna aliyekikatia rufaa hadi leo.

"Hata sahani zangu za kabatini hazina ufa, Devotha. Tangu nizinunue hazijamlisha mtu."